Mutu wa kupigia simu saa nane ya usiku

Maneno yaliyosomwa na komite mbele ya mukutano mukuu wa wanamemba, wafadhili wakiwepo

 Wale wenye wamekosa viti, vijana wanaleta mabenchi kutoka kanisani, muvumilie kidogo.

Tumepewa nafasi hii kuongea juu ya kitu kimoja: namna watu wanavyotumika pamoja ndani ya ushirika wetu, na kama namna ile inatusaidia kugeuka wakati mambo yanageuka. Tunaongea leo juu kuko mapendekezo mawili mbele yenu, mutayapigia kura kisha chakula. Kwa karatasi imeandikwa «mishahara». Sisi wa komite tunaona kura ile inahusu hasa uhusiano wa watu wa kazi, na ndiyo sababu tumeomba kusema mbele ya kura, si nyuma yake.

Munajua tuko wapi. Tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na tarehe 1 mwezi wa saba shirika lao la USAID likafunga kazi. Katika mwaka wa 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya feza za misaada ya dharura katika Kongo. Feza zile hazikuwa zinatufikia sisi moja kwa moja. Zilipita kwa mashirika makubwa, nayo yalitugawia kidogo. Lakini mto mukubwa ukianza kupungua, mifereji ndiyo inakauka ya kwanza. Halafu katikati ya mwezi wa pili Bukavu ikachukuliwa, mabenki yakafunga milango, na zile feza kidogo zenye zilikuwa zimebakia kwa konti yetu tukabaki tunazitazama kwa karatasi tu.

Ushirika uko na wafanyakazi kumi na mmoja wenye wanalipwa. Watano wako kwa biro hapa Baraka. Sita ni wahamasishaji, wako vijijini, kandokando ya ziwa na kule milimani. Pendekezo la kwanza linasema: tuwaage wale sita, tubakize biro, juu biro ndiyo inaandika proje, na siku proje mupya itapita tutawaita tena. Pendekezo la pili linasema: wote kumi na mmoja wabaki, mushahara upunguzwe karibu kwa nusu, watumike nusu ya juma, siku zingine kila mutu alime ao afanye biashara yake, na mukutano wetu wa siku ya tano uendelee kama kawaida.

Mutunza-feza wetu alipiga hesabu ya mapendekezo yote mawili mara tatu. Zinakaribiana sana. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunachagua bei.

Wengi kati yetu tulikimbia 1996. Tulikaa Nyarugusu, wengine Lugufu mpaka kambi ile ilipofungwa 2009. Wa kwanza walirudi kuanzia mwezi wa kumi 2005, HCR ilipoanza kuvusha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Tulishuka na turubai, masufuria, karatasi ya kurudi, na watoto wenye walikuwa wanasema Kiswahili cha Kigoma kuliko Kibembe. Tulishuka pia na kitu kingine ambacho hakuna mutu wa HCR alikiandika: tulikuwa tunajua nani ni nani. Mutu ukipanga naye foleni ya mgao miaka kumi, unajua kama anapima unga kwa haki. Unajua akikasirika anafanya nini. Unajua mutoto wake akiwa mugonjwa ni nani anamubebea maji. Ushirika huu ulitoka mule. Mwanzoni ulikuwa likelemba tu ya ba mama, hakukuwa hata daftari.

Ujuzi ule ulikuwa na mupaka, tuseme ukweli. Watu wenye hawakukimbia, wenye walibaki hapa katika vita, hawakuwa katika foleni ile. Kuko wenye walituita «Watanzania», na hawakuwa wanatusifu. Mashamba yetu mengine tuliyakuta mikononi mwao, na wao walikuwa na haki ya kuuliza: sisi tulilinda hapa, ninyi mulikuwa wapi? Uhusiano na wao ulijengwa polepole, kwa kazi. Kufungua barabara pamoja, kugawana vipando vya muhogo, kusimamia kisima kimoja. Leo kati ya wale wahamasishaji sita, watatu ni watu wenye hawakupanda meli ile hata siku moja. Wakati wa kupiga kura mukumbuke hiyo pia: tukiwaaga wahamasishaji, biro inabaki ya warudi watupu.

Sasa tuwaambie mambo mawili yenye yametukuta, ndipo mutaona tunamaanisha nini.

Mwaka jana, 2024, ziwa Tanganyika lilipanda. Mulilishuhudia wenyewe, Uvira watu waliacha nyumba, bandari ya Kalundu maji yaliingia, na vijiji vingi vya pwani vilipoteza mistari ya nyumba. Depo yetu ya mbegu na majembe ilikuwa karibu na maji. Usiku mumoja mulinzi, mutu mwenye hajui kusoma vizuri na mwenye hayuko katika listi yoyote ya wakubwa, aliona maji yamevuka mustari wa mawe aliouweka yeye mwenyewe jioni. Akampigia mama anayeshika depo. Ilikuwa saa nane ya usiku. Mama huyu alikuwa amemuambia siku nyingi: «Papa, ukiona kitu hukielewi, unipigie, hata kama ni usiku wa kati. Ukiniamusha bure sitakasirika.» Na kweli mara mbili mbele ya hapo alimuamusha bure, na hakukasirika. Mama akapigia kijana wa pikipiki, kijana akaamusha wenzake, wavuvi wakaona taa wakakuja kuuliza nini. Asubuhi mifuko yote ilikuwa katika darasa la shule, kwa mwinuko. Prezida wetu alipata habari wakati wa chai.

Shirika moja, jina hatulitaji, lilikuwa na depo mutaa ule ule. Mulinzi wao aliona maji ile saa. Lakini kwao mulinzi hana ruhusa ya kuita mutu isipokuwa mukubwa wake, na mukubwa wake hana ruhusa ya kuhamisha vitu bila barua kutoka muji mwingine. Yule mulinzi aliketi mlangoni mpaka kukacha. Mbegu ziliota ndani ya mifuko. Si kwamba mulinzi wao ni mubaya. Tunamujua, ni jirani yetu. Hakuwa na mutu wa kumupigia.

Jambo la pili ni la mwaka huu. Mabenki yalipofunga, tulikuwa na deni la mbegu za musimu na ada ya shule ya yatima tuliyowaahidi. Feza ziko, lakini haziwezi kutoka. Kwa kawaida ushirika kama wetu ungekwenda kwa mukopeshaji, na munajua mukopeshaji anataka nini: kila mwezi riba, na hati ya nyumba ya mutu. Ba mama wa likelemba tatu walikaa, wakafungua masanduku yao, wakatukopesha bila riba, kwa saini ya daftari tu. Bado tunawalipa.

Kwa nini walikubali? Tuliwauliza. Mama mumoja akajibu kifupi: «Huyu mutunza-feza wenu tunamujua. Kila juma anakuja, anaketi chini na sisi, anahesabu na sisi.» Miaka minne mutunza-feza wetu alikuwa anahuzuria mikutano ile, na kwa ripoti zetu hakuna mahali palionyesha kazi hiyo. Mukaguzi mumoja aliwahi kutuuliza kwa nini anapoteza nusu ya siku kila juma kwa mambo yasiyokuwa ya proje. Swali lilikuwa la haki. Jibu lilikuja mwezi wa tatu mwaka huu.

Kuko habari nyingine ya mbali tunataka kuwapa, juu inahusu magari yenye munaona kwa barabara ya Uvira, siku zenye barabara inapitika. Tarehe 1 mwezi wa pili 1997, asubuhi sana, kiwanda cha kampuni inayoitwa Aisin Seiki, katika muji wa Kariya kule Japani, kilishika moto. Kiwanda kile ndicho kilikuwa kinatengeneza karibu vyote vya kifaa kimoja kidogo cha breki ambacho kila gari ya Toyota ilikihitaji. Kidogo cha kushika kwa mukono. Na Toyota, kwa namna yao ya kazi, hawakuwa wanaweka akiba kubwa. Vifaa vyenye walikuwa navyo vilitosha muda mufupi tu. Kwa siku chache viwanda vya Toyota katika Japani karibu vyote vikasimama.

Wajuzi walidhani itachukua wiki nyingi. Lakini kampuni zaidi ya 60 ziliingia kutengeneza kile kifaa, nyingi hazijawahi kukitengeneza hata kimoja. Aisin wakatoa michoro yao kwa kila mwenye kuomba. Moja kati ya zile kampuni ilikuwa Brother. Ba mama munaijua ile jina, iko kwa cherehani! Watu wa cherehani walitengeneza kifaa cha breki. Kisha siku tano hivi magari yakaanza tena kutoka, na kwa juma lililofuata kazi ikakaribia kurudi kama kawaida. Kitu chenye kilishangaza wengi ni hiki: wakati wa moto hakuna aliyeketi kwanza kuandika mukataba ao kubishania bei. Walianza kazi, bei ikazungumzwa nyuma. Wangeweza kufanya vile juu miaka mingi walikuwa wametumika pamoja, mafundi wanatembeleana, wanajua nani akisema «kesho» anamaanisha kesho. Ukianza kutafuta namba ya simu ya mutu siku ya moto, umechelewa.

Tunajua sisi si Toyota. Lakini angalieni vizuri, likelemba kufungua sanduku na Brother kufungua mashine, ni tendo moja.

Hapa tutofautishe kitu, juu tunasikia tayari mutu anasema moyoni: basi tuajiri ndugu zetu, uhusiano si ndio huo? Hapana. Undugu unaweza kuwa kamba ya kufunga mudomo. Tumeona mashirika mahali mutunza-feza ni shemeji ya prezida, na mwenye depo ni mutoto wa dada yake. Pale watu wanapendana sana, wanacheka sana, na hakuna anayeweza kusema «hapa hesabu haitoshi», juu akisema, siku ya yenga hatakaribishwa kula. Ushirika wa namna ile hauwezi kugeuka. Unaona shimo, unaendelea kutembea, kwa heshima.

Uhusiano wa kazi tunaosema unapimwa kwa swali moja: mudogo anaweza kumuambia mukubwa habari mbaya, na kesho wakasalimiana kama kawaida?

Tuwape mufano. Mwanzoni mwa mwaka familia zenye zilikimbia vita zilianza kuingia vijijini mwetu. Zilikuwa zinakaa ndani ya nyumba za watu, hakukuwa kambi. Tulikuwa na listi iliyotoka kwa simu, kwa programu yenye tulifundishwa, inayohesabu nyumba: nyumba moja, familia moja. Kwa mukutano wa siku ya tano, mudogo kuliko wote kati ya wahamasishaji, binti wa miaka ishirini na kitu, akasema mbele ya mzee wetu wa ugawaji, ambaye ana umri wa babu yake: «Papa, samahani, naomba ruhusa. Hii listi imeruka watu. Kwa nyumba ya Mama wa kisimani muko familia tatu, listi imeandika moja. Tukigawa vile, mwenye nyumba atapata, wageni watalala njaa, na watamuchukia.» Mzee alinyamaza. Watu wote wakanyamaza. Halafu akasema: «Mutoto wangu, unataka tufanye namna gani?» Wakatembea nyumba kwa nyumba siku tatu, na daftari. Listi ikageuka, ugawaji ukapita bila fujo.

Mule muko mambo mawili. Binti alijua familia ziko tatu, juu anaishi pale, hajui kwa kusoma. Na alithubutu kusema. Ukikosa moja kati ya hayo mawili, ugawaji ule ungeharibika. Biro peke yake haikuwa nayo yote mawili, na haingeweza kuyapata kwa mafunzo ya siku mbili hotelini.

Kuthubutu kule hakukutoka mbinguni. Wenye hawajawahi kufika kwa mukutano wetu wa siku ya tano, tuwaeleze unaendaje. Tunaketi wote, pamoja na mulinzi na mama wa jikoni. Mulinzi anasema wa kwanza, prezida anasema wa mwisho. Tulipanga hivyo juu mukubwa akianza, wengine wote watajibu «ndiyo papa», na mukutano umekwisha kabla haujaanza. Kila mutu anasema kitu kimoja chenye hakikuenda vizuri katika juma, chake ao cha wengine. Hakuna adhabu kwa neno la pale. Wizi ni jambo lingine, wizi unakwenda kwa komite. Halafu tunakula bugali na ndagala. Mufadhili mumoja, na tunamushukuru kwa mengine mengi, alituandikia kwamba chakula cha mukutano wa ndani hakilipiwi. Tukaelewa, kila mutu ana sheria zake. Tangu pale wanamemba wanaleta unga kwa zamu. Tungeweza kufuta chakula. Lakini mulinzi akila kwa sahani moja na prezida, siku ya maji haogopi kupiga simu, na jambo hilo hatukulisoma mahali, tumeliona.

Sasa tuwaelekee wafadhili, kwa heshima. Ripoti zenu zinatuuliza tumegawa majembe mangapi, watu wangapi wamefundishwa, wanawake wangapi. Tutaendelea kujibu. Lakini mikataba ya miezi sita inatuletea taabu moja yenye haionekani kwa ripoti. Muhamasishaji mupya anatumia karibu mwaka mzima mbele ba mama hawajaanza kumuambia ukweli wa kijiji: nani ni mujane kweli, nani ameandikisha watoto wa jirani, kisima gani kina ugomvi. Mukataba wa miezi sita unamutoa pale tu anapoanza kusikia. Halafu tunaajiri mwingine, naye anaanza kwa salamu.

Kuko utafiti ulioandikwa 2006 na wajuzi wane wa Marekani juu ya kampuni kumi kubwa za ndege kule kwao. Kisha mashambulizi ya tarehe 11 mwezi wa tisa 2001, abiria walikimbia ndege. Kampuni ya United ilitangaza itaondoa wafanyakazi 20 000. Southwest haikuondoa hata mumoja. Wajuzi wale waliona kwamba kampuni zenye hazikukata watu ndizo zilipona haraka zaidi, na walieleza kwa sababu gani: uhusiano kati ya wafanyakazi ulibaki mzima, wakaweza kupanga kazi upya pamoja. Lakini wakaona kitu kingine, na ndicho tunataka wafadhili wakichukue kwenda nacho: Southwest iliweza kubaki na watu wake juu ilikuwa na akiba ya feza na deni dogo. Nia njema bila akiba haifiki mwisho wa mwezi.

Ushirika wetu hauna akiba. Kila franka inayokuja imeshaandikiwa jina, na kinachobaki mwisho wa proje tunakirudisha. Tunawaomba muangalie kama kuna namna, hata ndogo, ya kuacha kitu katika sanduku la akiba lenye sheria zake na ukaguzi wake, la kulipa watu katika miezi ya katikati, wakati proje moja imekwisha na nyingine haijaanza. Na wanamemba, tusiwaachie wafadhili peke yao. Karatasi ya tatu yenye mutapewa inahusu mchango wa kila nyumba kwa sanduku lile. Wenye hawana feza watatoa siku ya kazi kwa shamba la ushirika.

Tumesikia pia wenye wanapinga pendekezo la pili, na si watu wa kuzarau. Papa mumoja alituuliza juma lililopita: «Huo uhusiano munapika kwa sufuria gani?» Tulicheka, halafu hatukuwa na jibu la haraka. Nusu ya mushahara hailishi nyumba. Tukipunguza wote, wenye ujuzi mukubwa, wenye wanaweza kupata kazi kwingine, wanaweza kwenda wa kwanza, na tukabaki na uhusiano mutamu bila mutu wa kuandika proje. Hofu ile ni ya kweli. Mupiga hesabu wetu ameshaitwa na shirika lingine, ametuambia mwenyewe, hajajibu bado.

Tena nusu ya mutu wa biro na nusu ya muhamasishaji si nusu moja. Mutu anayepata kidogo ukimukata nusu, umemufukuza bila barua. Kwa hiyo tulipeleka swali kwa wale watano wa biro, tukawaacha wakae peke yao, komite haikuwepo. Walirudi kisha masaa mawili na neno lao: wao wakatwe zaidi ya nusu, ili wahamasishaji wakatwe theluthi tu. Waliomba kitu kimoja, kwamba iandikwe ni kwa miezi sita, na mwisho wa miezi sita mukutano mukuu uitwe tena kuamua. Tumeandika. Iko kwa karatasi ya pili, chini, musome vizuri.

Sisi wa komite tuko kwa upande wa pendekezo la pili, hatulifichi. Muhamasishaji akienda anaweza kutuachia daftari, simu, na pikipiki. Kitu chenye ba mama wanamuambia jioni karibu na moto hatatuachia, hata akitaka. Na musimu wa mvua unafika. Ni sasa watu watatuuliza mbegu, na maji ya ziwa hatujui yatafanya nini. Lakini kama pendekezo la kwanza likipita, tutalifuata, na tutawaaga wale sita kwa heshima na kwa malipo yao yote, juu deni lao halingojei mupango wa mutu.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Kura ni ya siri. Karatasi nyeupe ni ya pendekezo la kwanza, ya kijani ni ya pili; mwenye hasomi ataelekezwa na sekretere mbele ya mashahidi wawili, moja mwanaume, moja mwanamuke. Wafadhili hawapigi kura, lakini wanaombwa wabaki mpaka kuhesabu. Wanamemba wa Ubwari watapiga wa kwanza, hata mbele ya chakula kama wanataka, juu boti yao inapashwa kuondoka mbele upepo wa jioni haujaanza.